Rupia ya Mjerumani: Jinsi ya Kuijua Feki Kabla Hujatoa Hela

Likizo iliyopita nilishuka stesheni ya Mlimba jioni, na mjomba alikuja kunipokea na baiskeli. Nikashangaa. Miaka yote huwa anakuja na pikipiki yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Za masomo?"

"Nzuri. Pikipiki iko wapi?"

"Twende nyumbani kwanza, tutaongea."

Usiku, baada ya watoto kulala, akatoa kitambaa cheusi kilichofungwa mafundo matatu. Ndani kulikuwa na sarafu moja ya rangi ya dhahabu. Upande mmoja una sura ya mzungu mwenye masharubu na kofia ya chuma yenye tai juu. Upande wa pili una simba na mnazi, maneno ya Kijerumani na mwaka 1891. Akaniambia, "Wewe si unasoma sayansi huko? Hebu niambie hii ni nini." Kisha akaniambia alichotoa ili aipate: magunia 28 ya mpunga pamoja na pikipiki. Jumla ni shilingi milioni 3 na laki 2.

Nimeandika makala hii kwa sababu nilipowasimulia wenzangu hapa chuoni, kila wa tatu alikuwa na habari inayofanana nayo kutoka kwao. Mmoja baba yake mdogo alipigwa. Mwingine yeye mwenyewe alikuwa karibu kuchangia bumu lake kwenye "mchongo wa rupia". Wengi wetu tumesoma fizikia na kemia tangu kidato cha kwanza, lakini sarafu ikifika mezani tunaanza kuamini miujiza. Basi tuanze na kitu chenyewe, halafu tuone wizi unavyofanyika.

Kwanza, jua ni sarafu gani ziliwahi kuwepo

Silaha ya kwanza haihitaji kifaa chochote. Ukijua Mjerumani alitengeneza sarafu gani hapa kwetu, feki nyingi zinaanguka kabla hujazigusa.

Zilianza na kampuni. Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, yaani Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ilianza kutoa sarafu mwaka 1890. Zilikuwepo pesa za shaba nyekundu zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Zilikuwepo pia rupia za fedha zenye sura ya Kaisari Wilhelm II akiwa na ile kofia yake. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Rupia hizi za kampuni zina simba na mnazi, na jina refu la kampuni limeandikwa pembeni. Ziliishia mwaka 1902.

Kuanzia 1904 ikawa sarafu ya serikali ya koloni. Sura ya Kaisari ilibaki, lakini nyuma hakuna tena simba wala jina la kampuni. Pameandikwa Deutsch Ostafrika tu, pamoja na shada la majani. Rupia ikagawanywa kwa heller 100, na hapo ndipo Kiswahili kilipopata neno "hela" tunalolitumia kila siku. Herufi ndogo A maana yake imepigwa Berlin, na J maana yake Hamburg. Rupia za fedha zikaishia mwaka 1914, vita vilipoanza.

Vita vilifunga bahari, na meli za kuleta sarafu kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kupiga sarafu wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora. Walipiga heller 5 na heller 20 za shaba, na sarafu moja ya dhahabu yenye thamani ya rupia 15. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na upande wa pili kuna tai. Zilipigwa zipatazo 16,198 tu, na mwezi Septemba mwaka huohuo Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji.

Sasa shika hili moja, hata ukisahau mengine yote: sarafu pekee ya dhahabu ya koloni la Mjerumani hapa kwetu ni ile rupia 15 yenye tembo, ya mwaka 1916. Hakuna nyingine. Ukiletewa sarafu ya njano yenye sura ya Kaisari, simba na mnazi, haijalishi inang'aa kiasi gani, hiyo si dhahabu ya Mjerumani. Rupia ya Kaisari ni ya fedha, na fedha ni nyeupe. Sarafu ya mjomba ilianguka hapohapo.

Jambo la pili ni kulinganisha maandishi na mwaka. Jina la kampuni pamoja na mwaka 1908 haviwezi kukaa kwenye sarafu moja, maana wakati huo kampuni ilikuwa imeshaacha kutoa sarafu. Rupia ya fedha yenye mwaka 1916 haipo. Herufi T ni ya Tabora, na Tabora ni 1916 tu. Mwenye kughushi mara nyingi hajui historia hii. Anachukua uso wa sarafu moja na mgongo wa nyingine, basi.

Hadithi ya sanduku la Mahenge

Kila muuzaji huja na hadithi, na huku kwetu hadithi inajulikana. Mjerumani alikimbilia Mahenge, akafukia masanduku ya dhahabu, akaondoka. Baadaye Wachina walipojenga reli ya TAZARA katika miaka ya 1970, kibarua mmoja akaligonga sanduku na sururu, akanyamaza. Sasa mjukuu wake anauza moja moja.

Hadithi inaingia akilini kwa sababu nusu yake ni kweli. Mahenge kulikuwa na boma la Wajerumani, na wapiganaji wa Maji Maji walilishambulia tarehe 30 Agosti 1905. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Kijerumani yalirudi nyuma hadi huko, na Wabelgiji wakaiteka Mahenge Oktoba 1917. Reli ni kweli ilijengwa, na kibarua ni kweli alishika sururu. Rupia na heller halisi bado zinaokotwa mashambani, kwa sababu watu wa bonde hili walilipwa nazo na wakalipia kodi kwazo.

Uongo uko kwenye dhahabu. Fikiria mwenyewe. Wakati wa vita Wajerumani hao walipungukiwa sarafu kiasi kwamba walichapa noti za muda hapahapa nchini kuanzia 1915, na mwaka 1917 walikuwa wakichapa noti za rupia wakiwa porini, kwa vifaa vya kubahatisha. Mtu mwenye masanduku ya dhahabu anahangaika kuchapa makaratasi ya nini? Dhahabu waliyokuwa nayo waliipiga Tabora, na hesabu yake inajulikana.

Pili, tumia macho

Sarafu halisi hupigwa. Kipande cha madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu na kugandamizwa kwa nguvu kubwa kwa mara moja. Ndiyo maana herufi zake zina kingo kali na eneo tupu kati ya picha na maandishi ni laini.

Feki nyingi za mitaani humiminwa. Fundi anachukua sarafu halisi, anaigandamiza kwenye udongo au plasta, anapata umbo, anamimina shaba iliyoyeyuka. Njia hii inaacha alama. Chukua kioo cha kukuzia, au kamera ya simu yako ukiivuta karibu, na utazame haya:

Kwanza, vishimo vidogovidogo kama ngozi ya chungwa kwenye eneo tupu. Hivyo ni viputo vya hewa vya wakati wa kumimina.

Pili, herufi zilizovimba na kulegea, kama sabuni iliyotumika. Usichanganye na kuchakaa. Sarafu iliyochakaa kwa mikono ya watu huisha kwanza sehemu zilizoinuka, kama shavu la Kaisari na kofia yake, huku herufi za pembezoni zikibaki bora zaidi. Feki imelegea kila mahali kwa kiwango kilekile.

Tatu, ukingo. Rupia ya fedha ina mikato myembamba iliyosimama kuzunguka ukingo wote. Ukiona mstari unaozunguka katikati ya ukingo, au sehemu iliyopigwa tupa, hapo ndipo nusu mbili za umbo zilipokutana. Sarafu ya mjomba ilikuwa na mstari huo, na mikato imefutika karibu robo ya mzunguko.

Nne, sehemu iliyokwanguliwa. Zipo nakala zinazotengenezwa kihalali kama kumbukumbu au mapambo, hasa za tembo wa Tabora. Marekani kuna sheria ya mwaka 1973 inayotaka nakala za namna hiyo zipigwe neno COPY. Tapeli huinunua kwa bei ya chipsi, analikwangua neno, anaipaka tope na kuiita ya babu. Kwa hiyo mkwaruzo mmoja uliokaa pekee yake kwenye sarafu iliyobaki safi ni wa kutiliwa shaka.

Na hiyo tope yenyewe isikubabaishe. Udongo mwekundu, masizi na harufu ya moshi ni kazi ya siku moja. Ukijani wa shaba nao unapatikana kwa siki na chumvi ndani ya siku chache. Uchafu si cheti cha kuzaliwa.

Tatu, mizani na maji

Hapa ndipo sisi wanachuo hatuna kisingizio, kwa sababu mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu iko kwenye maabara tunazozifagia kila wiki. Hata mizani ndogo za sonara zinatosha.

Uzito unaotakiwa ni huu. Rupia moja ya fedha ni gramu 11.66, na upana wake ni karibu milimita 30. Rupia 15 ya dhahabu ni takriban gramu 7.17, na upana wake ni karibu milimita 22. Sarafu iliyotembea mikononi miaka mingi inaweza kupungua kidogo, sehemu chache za kumi za gramu. Haiwezi kupungua gramu mbili.

Lakini tapeli mjanja anaweza kupatia uzito kwa kuongeza unene. Kwa hiyo usiishie hapo. Pima msongamano, yaani uzito ukigawanywa kwa ujazo. Ni kanuni ileile ya Archimedes tuliyoikariri kidato cha kwanza bila kuuliza itatusaidia nini.

Fanya hivi. Pima sarafu ikiwa kavu, andika uzito. Weka glasi ya maji juu ya mizani, kisha irudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe ndani ya maji mpaka izame yote, lakini isiguse chini wala pembeni, wewe ukishikilia uzi. Mizani itaonyesha namba ndogo. Hizo ni gramu za maji yaliyosukumwa na sarafu, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, umeshapata ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Fedha ya rupia, ambayo ni asilimia 91.7 fedha halisi, inatoa karibu 10.3. Dhahabu ya Tabora, ambayo ni asilimia 75, inatoa karibu 15. Shaba nyekundu ni karibu 8.9. Shaba ya manjano, ile ya mabomba na vitasa, ni karibu 8.5. Risasi ni 11.3.

Likizo ilipoisha nilirudi na sarafu ya mjomba chuoni, nikaipima na wenzangu wawili. Kavu ilikuwa gramu 9.30. Ndani ya maji mizani ikasoma 1.09. Ukigawanya unapata 8.5. Shaba ya manjano. Tena ujazo wenyewe ulipungua kidogo kuliko wa rupia halisi, ambao ni kama 1.13, na hilo linaeleweka: shaba iliyomiminwa kwenye umbo husinyaa inapopoa. Kwa maneno mengine, ndani ya dakika kumi tuliona kwamba kuna mtu alichukua rupia halisi, akaipiga chapa kwenye udongo, akamimina kitasa cha mlango.

Sumaku pia ni kipimo, ila ujue mipaka yake. Dhahabu, fedha na shaba hazishikwi na sumaku. Sarafu ikinasa, ina chuma, itupe. Isiponasa haijathibitisha kitu, maana kitasa cha mlango nacho hakinasi.

Vipimo vya tindikali achana navyo. Vinaharibu sarafu, vinachoma ngozi, na kwenye sarafu iliyopakwa tabaka la dhahabu juu vinaweza kukudanganya. Vivyo hivyo kuigonga mezani kusikiliza mlio: mwenye uzoefu anaweza, wewe na mimi tutasikia tunachotaka kusikia.

Rupia inayovuta mchele

Mjomba alinieleza kilichomuua kabisa. Muuzaji alimwaga punje za mchele kwenye sinia, akasogeza sarafu, punje zikaruka na kuganda. "Mpwa wangu, niliona kwa macho yangu."

Nilimwamini kwamba aliona. Utapeli huu una ndugu yake India, ambako watu wamelizwa mamilioni kwa vyombo na sarafu za shaba zinazosemekana "kuvuta mchele" kwa sababu zina madini ya ajabu. Nguvu hiyo haipo. Hakuna madini yanayovuta mchele. Kinachofanyika ni kwamba punje zinatayarishwa mapema, zinapakwa unga wa chuma au kuchomekwa kipande cha waya mwembamba, na sumaku inafichwa kiganjani au chini ya sinia. Kinga yake ni rahisi na hasa kwetu Kilombero haina gharama: leta mchele wako mwenyewe, kutoka jikoni kwako, na sinia lako. Muuzaji atasema nguvu imelala, au kuna mtu mwenye mkosi chumbani.

Hata kama punje zingenasa kweli, zingethibitisha nini? Dhahabu haivuti kitu chochote. Sarafu inayovuta, kwa kuvuta kwake tu, imekiri kwamba si dhahabu.

Halisi, lakini si mali

Kuna kundi la pili la watu wanaolia, nalo halizungumzwi sana. Hawa wameuziwa sarafu halisi.

Heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916 ni mfano mzuri. Ina taji, herufi D.O.A. na T, na nyingi ni za shaba ya manjano. Ni ya kweli kabisa, ni ya Mjerumani kabisa, na ni ya njano. Muuzaji anaiita dhahabu ya Tabora. Ukiuliza wazee au ukiangalia picha, kila kitu kinalingana isipokuwa madini. Dhahabu ya Tabora ina tembo. Hii haina.

Mfano mwingine ni reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya gramu 28 iliyozunguka pwani yetu kwa biashara. Zote zina mwaka 1780, hata zilizopigwa miaka mingi baadaye, kwa sababu wafanyabiashara waliizoea sura hiyo na wapigaji wakaamua kutobadilisha tarehe. Vienna wameendelea kuipiga hadi nyakati zetu. Kwa hiyo mtu anaweza kukuonyesha mwaka 1780 bila kudanganya kuhusu maandishi, na sarafu ikawa changa kuliko mama yako.

Na shilingi za zamani za Afrika Mashariki zenye simba, au shilingi ya mwenge ya 1966? Ni kumbukumbu nzuri, zihifadhi. Zilitolewa kwa wingi mno, na bei yake kwa wakusanyaji ni ndogo. Bei ya sarafu haitokani na umri pekee. Inatokana na uchache, hali yake, na kuwepo kwa watu wanaoitafuta. Rupia ya fedha iliyochakaa ina gramu 10.7 za fedha ndani yake, basi ulizia bei ya gramu ya fedha siku hiyo uzidishe, upate pa kuanzia. Rupia 15 ya tembo iliyo halisi huuzwa minadani Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola, na ndiyo maana inaghushiwa kuliko zote. Hakuna anayeileta mlangoni kwako kwa bei ya pikipiki.

Tena ukiwa na sarafu halisi nyumbani, usiisugue kwa mchanga, dawa ya meno wala brasso. Mkusanyaji anataka rangi yake ya uzee. Ukiing'arisha umeishusha bei mwenyewe.

Mpango wenyewe unavyokwenda

Sasa tuje kwenye kile ambacho mizani haipimi. Mjomba si mjinga. Anajua bei ya mpunga kuliko madalali wengi. Alipigwa kwa sababu hakuuziwa sarafu. Aliuziwa mnunuzi.

Wiki mbili kabla ya muuzaji kutokea, alipita kijana mtanashati aliyesema anafanya kazi na kampuni ya nje inayotafuta rupia za Mjerumani. Akasema anatoa milioni 40 kwa moja. Hakuomba hata senti. Aliacha namba ya simu, akaenda zake. Baadaye akaja mzee mnyonge na kitambaa cheusi, anauguliwa, anahitaji hela ya haraka, anataka milioni 5. Mjomba akapiga simu kwa yule kijana. "Chukua, mzee wangu, usimwachie! Kesho niko hapo." Wakapatana milioni 3 na laki 2. Kesho yake simu haikupatikana, na haijapatikana mpaka leo.

Unaona mtego? Wale wawili ni kitu kimoja. Mnunuzi anakuja kwanza ili bei ikae kichwani kabla ya bidhaa. Muuzaji akija, wewe huulizi tena kama sarafu ni halisi. Unajiuliza utapata faida kiasi gani. Muuzaji hahitaji hata kukudanganya sana, kwa sababu hesabu unaifanya mwenyewe.

Nguzo ya pili ni siri. "Usimwambie mtu, hii ni mali ya serikali, tutafungwa wote." Siri inamlinda yeye, maana mtu mmoja tu ukimwuliza, mpango umekufa. Ukweli wa kisheria ni huu: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua na kusafirisha nje mali za kale bila kibali, na hilo liheshimu. Lakini kumwuliza mwalimu, sonara au ofisa wa makumbusho "hii ni kitu gani?" si kosa la jinai. Kosa ni kujipatia mali kwa udanganyifu, ambalo lipo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, na linamhusu tapeli, halimhusu aliyetapeliwa. Mjomba hakwenda polisi kwa miezi minne akiamini yeye ndiye angewekwa ndani.

Ukikutana nayo

Ukiletewa sarafu, wewe au mtu wa nyumbani, sema hivi: "Sawa, tukaipime kwanza." Taja mahali pa wazi, mchana, kwa sonara au maabara, muuzaji akiwepo. Asiyekubali ameshajibu. Usitoe kianzio, nauli, wala hela ya kafara au ya "kuifungua". Usiende porini wala gesti usiku na fedha taslimu. Ukitumiwa picha kwenye simu, omba uzito, upana, picha ya ukingo, na picha ya sarafu juu ya mizani yenye jina lako kwenye karatasi pembeni. Picha za kuiba mtandaoni haziwezi kufanya hivyo.

Kama kuna mnunuzi wa milioni 40, mwambie aje yeye mwenyewe na muuzaji, mkae meza moja. Utashangaa jinsi watu hawa wawili wasivyoweza kamwe kukutana.

Na kama tayari umepigwa, tunza sarafu, namba za simu, meseji na kumbukumbu za miamala ya fedha kwenye simu, uende polisi mapema. Huenda hela isirudi. Lakini namba ile ile bado inapigiwa na mtu mwingine kijiji cha pili.

Nilimpigia mjomba kumpa majibu ya maabara. Alikaa kimya, kisha akauliza kama shaba hiyo ina bei. Nikamwambia gramu 9 hazifiki hata bei ya soda. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu nimeiona ile baiskeli. "Basi irudishe. Nitawaonyesha wenzangu hapa kilabuni ilivyo, na huo mstari wa pembeni."

Nimeirudisha. Likizo ijayo, kabla msimu wa kuuza mpunga haujaanza, wewe nawe ukifika kwenu keti na wazee uwaambie hili la tembo. Hela waliyonayo wameipata kwa jasho, na anayeifuata anakuja akiwa na hadithi nzuri.